Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo wa Kaunti: punda wetu wa kienyeji wanaisha

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote unaofanya nao kazi. Barua nilizokuandikia mwanzo nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, kisha kimya. Ndiyo maana hii naiandika hadharani, wenzangu wanaofuga punda nao wapate kuisoma.

Wiki iliyopita wezi waliingia bomani usiku wakamtoa punda wangu jike, mwenye mimba kubwa. Kulipokucha vijana wa jirani walimkuta korongoni, chini ya mgunga. Alikuwa amechunwa kuanzia shingoni hadi kwenye kwato. Nyama yote iliachwa, na kichwa pia. Mtoto aliyekuwa tumboni walimtupa kando kwenye mchanga, tayari ameota manyoya. Mama yake nilimtambua kwa ukwato wa nyuma uliokuwa na ufa, ambao nilikuwa nikiupaka mafuta kila jioni. Nilipokwenda kuripoti niliulizwa kama nina hakika si fisi. Mheshimiwa, fisi hachuni ngozi akaacha nyama.

Huyo alikuwa miguu ya nyumba yangu. Alibeba mitungi minne ya maji kutoka kisimani, kuni, mahindi ya kusagwa, na mgonjwa pale pikipiki iliposhindwa kupita kwenye matope. Sasa maji nabeba mimi mgongoni, na binti yangu anabeba pamoja nami kabla ya kwenda shule. Anafika amechelewa, anaadhibiwa. Ningetaka kununua mwingine, lakini pesa ambayo zamani ilitosha punda wawili leo haifiki hata kwa mmoja.

Uliahidi, Mheshimiwa. Ulisimama mbele yetu barazani, chifu akiwepo na wazee wakiwepo, ukasema punda wote wa kaunti hii watasajiliwa na kuvishwa alama za masikioni, na kwamba hakuna lori litakalopita na punda bila kibali. Tulipiga makofi. Tangu hapo nimeona mbegu za ng'ombe wa maziwa zikiletwa, nimeona madume ya mbuzi yakigawiwa na picha zikipigwa. Punda hajatajwa tena. Wala si mara moja tu nimeambiwa na maafisa wako kwamba punda si mfugo wa kuendelezwa, eti yupo tu.

Naomba ujue ni mnyama gani huyu "aliyepo tu". Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda wote wa dunia wanatokana na punda waliofugwa mara moja tu, takriban miaka 7,000 iliyopita, katika eneo la Pembe ya Afrika na Kenya ya sasa. Ng'ombe wa maziwa tumeletewa kutoka Ulaya. Huyu ametoka hapa, na dunia nzima imempata kwetu. Kule Abydos, Misri, yalifukuliwa makaburi ya punda kumi waliozikwa kwa heshima karibu na jengo la ibada ya mazishi ya mfalme miaka 5,000 hivi iliyopita, na mifupa yao ya mgongo ilikuwa na alama za mizigo. Ndugu zao wa mwituni wamebaki wachache mno, huko Eritrea na Ethiopia. Kwa hiyo tukimmaliza wa nyumbani, hakuna porini pa kwenda kumtafuta.

Mtazame punda wetu wa kienyeji kwa karibu siku moja. Rangi ya kijivu, mstari mweusi unaoshuka mgongoni hadi mkiani, mwingine unaokatiza mabegani. Mdogo wa umbo, kwato ngumu kwa mawe. Wakati wa ukame hukaa na kiu kwa muda ambao ng'ombe angeanguka, kisha akifika kwenye maji hunywa kwa dakika chache na kurudi sawa. Hii haikutengenezwa na daktari yeyote. Ni ukame wenyewe uliochagua, kizazi baada ya kizazi, na wanawake wa Kimaasai, Kiturkana na Kisamburu waliohama na nyumba zao juu ya migongo hiyo.

Sasa tazama hesabu. Sensa ya mwaka 2009 ilipata punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa kwa leseni, ngozi zikaenda Uchina kuchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya kienyeji ya huko. Wao wenyewe walikuwa na punda zaidi ya milioni 10 mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakabaki na chini ya milioni 3, ndipo wakaja kwetu. Watafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, walihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa kwenye machinjio hayo kufikia mwisho wa 2018, kasi inayozidi kuzaliana kwao mara tano. Punda hubeba mimba mwaka mzima au zaidi, na huzaa mmoja. Hakuna namna ya kumharakisha. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi ya punda kwa miaka 15. Nilisikia redioni nikalia kwa furaha.

Lakini wa kwangu amechunwa baada ya makubaliano hayo. Nani anayenunua hizo ngozi? Sina ushahidi mkononi. Nadhani wale waliozoea pesa ya machinjio wamehamia vichakani, na nadhani kuna lori linalokusanya usiku na kuelekea mpakani, maana watu wawili watatu wameliona na hakuna anayetaka kuandikisha taarifa. Huenda nimekosea kuhusu lori. Kuhusu korongo sijakosea, nenda uone mifupa, si ya punda mmoja.

Tafadhali usinijibu kwamba hiyo ni kazi ya Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti ufugaji, minada ya mifugo, machinjio na ustawi wa wanyama. Yote hayo yako mezani kwako.

Naomba usajili ulioahidi uanze. Naomba daktari wa mifugo apite vijijini na punda wahesabiwe kama wengine wanavyohesabiwa, na majike wenye sifa za kienyeji waandikwe, ijulikane nani anaye na wapi, ili mbegu hii isipotee. Ikiwa bajeti haitoshi kwa yote hayo, basi fanya moja: mnadani na barabarani, punda jike asiuzwe wala asisafirishwe bila kibali cha chifu na cha daktari wa mifugo, na atakayekamatwa naye usiku afikishwe mahakamani. Ukilinda majike, tutabaki na punda. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji sahihi yako.

Baraza lijalo nitakuja, na nitauliza swali hili mbele ya watu wote: majike wamelindwa, au bado?

Wako kwa heshima,
Mama mfugaji, mkazi wa kaunti hii