Mwanangu anachapwa ili asilie

Anti, shikamoo.

Nina miaka 34, nimeolewa, tunaishi Morogoro. Tuna watoto wawili, wa kike miaka 12 na wa kiume miaka 9. Mume wangu si mlevi na hatujawahi kulala njaa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikieleza shida yangu, watu huniuliza kwanza kama anakunywa.

Shida ni huyu wa kiume. Akilia tu, baba yake anavua mkanda. Mwezi uliopita alianguka na baiskeli akachubuka goti, akaingia ndani analia. "Mwanaume halii. Nyamaza." Hakuweza. Akachapwa mpaka akanyamaza. Dada yake alilia kwa kumwonea huruma, yeye akaambiwa tu, "Wewe lia, ndiyo kazi yenu."

Siku hizi mtoto halii. Ila nikifua shati lake la shule, ukosi nakuta umetafunwa, nyuzi zinaning'inia. Nilidhani panya. Nilipomuuliza akasema, "Mama, nikiuma nguo sauti haitoki."

Mama mkwe anasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mume wangu ananionyesha kovu la bakora ya marehemu baba yake, anasema hilo ndilo lililomfanya mwanaume. Anaamini kabisa kwamba anamsaidia mwanawe. Na mimi sijitoi, Anti. Miaka yote hii nimewatisha watoto kwa, "Subiri baba yenu arudi."

Kilichonitoa usingizi ni Jumapili iliyopita. Mwanangu alimwagiza dada yake maji ya kunywa, dada akamwambia achote mwenyewe. Akamzaba kibao: "Mwanamke unabisha?" Baba yake akacheka, akasema, "Sasa huyu ndiye mwanangu." Binti aliinuka akaleta maji. Hakusema neno, na mimi pia sikusema.

Kwenye kikao cha wazazi shuleni, afisa ustawi wa jamii alitusomea utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009: karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, wengi wao na ndugu na walimu. Akatupa namba 116 ya kuwasaidia watoto, akataja na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Niliiandika nyuma ya daftari la binti yangu. Sijapiga.

Naogopa atawekwa ndani, na ukoo mzima utasema nimemfunga mume wangu kwa kumlea mwanawe. Nikikaa kimya, nawaona wanangu wanavyoharibika wote wawili.

Nianze na nani? Kaka yake mkubwa anamsikiliza, ila naye analea hivyo hivyo. Niende ustawi wa jamii peke yangu kwanza, bila yeye kujua? Na mwanangu nimwambieje kwamba kulia si kosa, wakati baba yake yuko chumba cha pili anasikia?

Mama wa wawili, Morogoro