Barua ya wazi kwa vijana mnaonunua viwanja vya ufukweni Ujiji na Kibirizi, Kigoma

Wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipokea zote. Mimi simu hizi siziwezi, huyu wa kwangu ndo ananichapia, naongea tu na yeye anaandika, kwaio mkiona nimeruka mahali nivumilieni.

Nasikia viwanja vya chini kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika vinagombaniwa, alafu mnashangaa wazee walikaa juu huku wakati maji yapo kule, mnasema eti waliogopa mamba. Mamba walikuwepo kweli, lakini sio hiyo.

Sisi tunakua, chini ziwani kulikuwa na vibanda vya wavuvi tu, miti, nyasi, mkeka, karabai za kuvulia dagaa zinaning'inia, basi. Nyumba yenyewe, ile ya kuzalia na ya kuwekea matanga, ilikuwa juu. Mbele baraza la wanaume na bao lao na kahawa, ukumbi unapita katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua na jiko, huko ndo kwetu wanawake na siri zote za mtaa. Kuta fito na udongo. Siku ya kukandika mtaa mzima unakuja, watoto tunakanyaga udongo tunaimba, mama zetu wanapanda na maji kichwani, jioni ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, hamna cha fundi kudai advansi. Paa nyasi, mwenye uwezo bati, wengine walipasua madebe ya mafuta ya taa wakayanyoosha wakaezekea, mvua ikipiga mle ndani hamsikilizani kabisa.

Sasa ikaja ile mvua ya mwanzoni mwa miaka ya 60, ziwa likapanda, likapanda, mpaka 1964, mwaka wa Muungano, ndo likafika juu kabisa. Halikuja kwa fujo. Leo limegusa kizingiti, wiki ijayo lipo chumbani. Wa chini waling'oa miti yao wakabeba nyasi zao wakasogea, bado kidogo tu wana kibanda kingine. Wewe na bloku zako na nondo na mkopo wa benki, utang'oa nini?

Na sio mara ya kwanza hiyo. Pale Ujiji kwenye miembe mnapopeleka wageni kupiga picha, yule mzungu Stanley alipomkuta mwenzie Livingstone 1871, enzi hizo maji yalikuwa jirani, leo mpaka uyafikie umeshatembea. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kongo, na enzi hizo ulikuwa umezibwa na matope na majani, maji yakajaa weee mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870 yakapasua njia, ndo ziwa likashuka. Kwaio huo mchanga mkavu anaokuonyesha dalali ulikuwa ziwa, na juzi juzi tu hapa, miaka hii ya 2020, Katonga na Kibirizi mmeona wenyewe maji yalivyorudi.

Najua mtaniambia sheria ya mazingira ya 2004 imesema usijenge ndani ya mita 60 kutoka ziwani na nyie mmepima. Mmepima kutoka wapi, maji yenyewe yanatembea? Mmepima kiangazi, ziwa limeshuka! Kabla hujatoa hela mtafute mzee wa mtaa huo, mpeleke kwa miguu akuonyeshe maji ya 1964 yalifika wapi, hapo ndo uanze kuhesabu mita zako.

Aliyekwisha nunua asilie, aweke banda la mbao auze dagaa, hela ipo. Nyumba ya watoto aipandishe juu. Na huko juu jamani mjenge na baraza, sio ukuta na geti tu, siku hizi nikipita mtaa wetu wa Mwanga sina hata pa kupumzisha goti.