SUZA si Tunguu tu jamani

Mhariri, assalaam aleikum. Juzi nimekaa barazani Michenzani, kijana mmoja akasema SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar, ni majengo ya juzi tu pale Tunguu, nkacheka mwanzo halafu nkaona hapana hii inataka barua.

Sheria ya chuo imepitishwa na Baraza la Wawakilishi 1999, namba 8, na kazi ikaanza 2001, na mwanzo wenyewe ulikuwa hapahapa mjini Vuga, si shamba. Tena pale Vuga kulikuwa na TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, tokea mwishoni mwa miaka ya 70, wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kusoma Kiswahili, sie wenyewe tunapita njiani na mikate yetu wala hatuulizi kuna nini mle ndani. Baadae ikaunganishwa na chuo. Beit el Ras ndo pakisomeshwa walimu, miaka mingi khasa, na 2016 vikaingizwa vyuo vyengine, cha afya Mbweni, cha fedha Chwaka, cha utalii Maruhubi. Na Pemba wamo pia, msitusahau ndugu zetu.

Sasa ombi langu ni dogo. Watu pale chuoni wanafanya utafiti wa mwani, wa bahari, wa lugha, lakini ripoti nyingi ni za Kiingereza, mama anaelima mwani Paje atasoma vipi? Gazeti lenu liwape ukurasa mmoja kwa wiki waandike kwa Kiswahili, hata nusu ukurasa, pale penye matangazo ya viwanja.

Msomaji wenu, Kikwajuni