Fremu ya baiskeli ya mbio haichaguliwi kwa macho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaonunua baiskeli za mbio, pamoja na wale wanaowauzia. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi wa Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika barani kwetu, hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, ninaona nyuso mpya kila Jumamosi katika barabara ya Sironko, na wenye pumzi wanapanda mpaka Kapchorwa. Jambo hilo linanifurahisha mno. Kinachonihuzunisha ni kwamba wengi wao wamepanda fremu zisizo saizi yao, na watu wenye afya njema wanaacha mchezo baada ya miezi michache wakidhani kwamba miili yao ndiyo iliyoshindwa.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Kimo changu ni sentimita 172. Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio, ambayo ilikuwa mtumba, niliuziwa na mtu aliyenitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akateremsha kiti mpaka mwisho, kisha akasema, "Hii ni yako kabisa, mzee." Fremu ilikuwa ya 58. Kila nilipofika Sironko, vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimekufa ganzi, na shingo iliniuma hata nikashindwa kugeuka kutazama malori yanayokuja nyuma. Nilibadilisha kiti mara mbili, nikanunua glavu nene, nikabadilisha hata viatu. Miezi minane ilipita kabla fundi mmoja hajaniazima fremu yake ya 54, na siku hiyo nilikwenda na kurudi mikono ikiwa hai.

Namba hizo, kwa desturi, ni urefu wa bomba la kiti kwa sentimita, yaani lile bomba linalotoka kwenye mhimili wa pedeli kupanda hadi chini ya kiti. Zamani, bomba la juu lilipokuwa limelala sambamba na ardhi, namba hiyo moja ilikueleza karibu kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Giant ya Taiwan ilileta fremu ya TCR, ambayo bomba lake la juu linateremka kuelekea kwenye kiti, na watengenezaji wengine wakafuata mtindo huo. Kwa sababu hiyo, leo bomba la kiti linaweza kuwa fupi ilhali baiskeli yenyewe ni ndefu, na wengine huandika herufi S, M na L tu, tena M ya kampuni moja si lazima ilingane na M ya nyingine.

Kwa hiyo mnunuzi aanze na mwili wake. Asimame bila viatu, mgongo ukutani, miguu ikiachana kiasi cha sentimita 15, abane kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja na kukisukuma juu mpaka kiguse msamba kwa nguvu ileile ya kiti, kisha mtu mwingine apime kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Mguu wangu ni sentimita 79. Ukizidisha kwa 0.67 unapata 53 hivi, ambayo ndiyo fremu ya mtindo wa zamani inayonifaa kukaribia. Ukizidisha kwa 0.883 unapata karibu sentimita 70, ambao ni umbali kutoka katikati ya mhimili wa pedeli hadi juu ya kiti. Kanuni hii ilienezwa na Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France wa mwaka 1986, 1989 na 1990. Ni mahali pa kuanzia tu, nawe unaweza kupandisha au kushusha kiti kidogo kulingana na viatu vyako na ulaini wa viungo vyako.

Hata hivyo mguu ni nusu ya habari. Jirani yangu ana kimo kama changu, lakini mguu wake ni sentimita 84, maana yake kiwiliwili chake ni kifupi kuliko changu. Fremu inayonikaa mimi vizuri humlazimisha yeye kujinyoosha kama mtu anayefikia embe tawi la mbali. Ndiyo maana ninasisitiza vipimo viwili ambavyo wauzaji wetu hawavitaji: kimo cha fremu, kutoka mhimili wa pedeli kwenda juu hadi mdomo wa bomba la mbele linaloshika usukani, na urefu wake, kutoka mhimili huohuo kwenda mbele hadi usawa wa mdomo huo. Vinapimwa hata kwenye kibaraza cha duka. Simamisha baiskeli wima, tairi la mbele liguse ukuta. Kama mdomo wa bomba uko sentimita 82 kutoka sakafuni na mhimili uko 27, kimo ni 55; kama mhimili uko 91 kutoka ukutani na mdomo uko 53, urefu ni 38. Utepe wa fundi cherehani unatosha.

Ile desturi ya kuweka kiwiko kwenye ncha ya kiti na kuona kama vidole vinagusa usukani naomba tuiache, kwa kuwa inapima mkono peke yake na kusahau kiwiliwili.

Muuzaji atakuambia kwamba kila kitu kinarekebishika. Si kweli. Shingo ya usukani, yaani kile kipande kinachounganisha usukani na fremu, unaweza kuifupisha kwa sentimita moja au mbili. Ukizidi hapo usukani unakuwa mwepesi mno, na katika mteremko wa Kapchorwa hilo ni hatari. Kusukuma kiti mbele ili kuufikia usukani ni kosa baya zaidi, maana goti linahama mahali pake juu ya pedeli na kuanza kuuma.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo: wapime kimo na urefu wa kila fremu na kuviandika kwenye kipande cha karatasi kinachoning'inizwa kwenye usukani. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini amekubali kujaribu, na wiki iliyopita tulipima pamoja fremu sita za kwanza. Mbili kati yake zilikuwa na namba 54, na urefu wao ulitofautiana kwa sentimita mbili.

Mwendesha baiskeli,
Mbale