Shule za Kiingereza za serikali zisiwatenge watoto wa mtaa mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Dar es Salaam, ambako mzazi hulipa ingawa elimumsingi hutolewa bila ada tangu 2016.

Siwalaumu wazazi wanaozikimbilia, kwani mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba hukutana na Kiingereza kidato cha kwanza kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku, akabaki kukariri asichokielewa. Kinachoniuma ni kwamba mtaani kwetu mtoto wa mama lishe na wa karani wa benki walikaa dawati moja. Leo wa karani hupanda basi alfajiri, na mzazi wake, aliyekuwa mstari wa mbele kudai matundu ya vyoo katika vikao vya shule, haonekani tena.

Naiomba serikali ipeleke walimu mahiri wa Kiingereza katika shule zote za mitaa, na pale mchepuo wa Kiingereza unapoanzishwa, nafasi za kwanza wapewe watoto wanaoishi jirani, wawe na fedha au wasiwe nazo.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam