Risala ya Vijana wa Kayole Siku ya Kufungua Stoo ya Kukodisha Vifaa vya Video

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mbunge wetu, Bi. Chifu, wazee wa Nyumba Kumi, wazazi wetu na wanakikundi wenzangu, hamjambo? Itifaki yote imezingatiwa.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Tunajua Jumamosi ya Nairobi ina harusi, mazishi na harambee, na kote unangojwa. Shughuli hizo hizo ndizo zinazotulisha sisi.

Kikundi hiki ni cha wapigapicha wa video, wahariri na mafundi wa sauti. Zamani kila mmoja wetu alikuwa na kifaa chake kimoja: huyu ana kamera, yule ana lenzi, mwingine taa mbili za LED. Ukipata kazi, vilivyosalia ulivikodi mjini, na malipo yako yakaishia huko huko. Ndipo tukakubaliana tuviweke pamoja. Kila mtu anabaki mwenye mali yake, na kikundi kinachukua fungu la kukitunza kifaa na kukitafutia wateja. Tulisajili kikundi, tukafungua akaunti, kisha tukapata mkopo wa Hazina ya Uwezo, mfuko wa serikali unaokopesha vikundi. Mkopo huo hauna riba, na miezi 6 ya mwanzo hatukudaiwa chochote.

Pesa zilipoingia, kila aliyesikia alidhani tutanunua kamera. Hatukununua hata moja. Kamera huchakaa kwa macho ya mteja kabla haijaharibika. Sony A7 III iliyotoka 2018 bado inapiga harusi vizuri, lakini bwana harusi ameshasikia za juzi, na ndizo anazotaka. Lenzi nzuri, tripodi nzito na taa hukaa miaka mingi, na kamera mpya ikija bado zinafanya nayo kazi. Hata hivyo hesabu yake haina huruma. Tuseme lenzi ya shilingi 100,000 inakodishwa 3,000 kwa siku. Itahitaji siku 34 kurudisha bei yake tu, kabla ya kodi ya nyumba na mshahara wa mlinzi. Na siku hizo hazifuatani. Desemba simu haipumziki. Januari wazazi wanalipa karo, stoo inajaa vifaa, nasi tunabaki kutazamana.

Dron hatukununua pia, ingawa huulizwa kila wiki. Tangu kanuni za 2020, dron ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na hatuko tayari kumkabidhi mtu kitu ambacho akikirusha bila kibali, sisi ndio tutakaotafutwa.

Mheshimiwa, baadaye utaona meza iliyo karibu na mlango. Hapo ndipo biashara yote ilipo. Kifaa hakitoki kabla namba yake haijaandikwa daftarini na kupigwa picha mbele ya mteja. Lenzi inamulikwa kwa tochi, tuone kama ina mkwaruzo au ukungu. Betri zinahesabiwa, nyaya zinahesabiwa, na kuna kile kibati kidogo cha tripodi, kinachofungwa chini ya kamera. Kina ukubwa wa kiberiti, na hakuna kitu kinachopotea zaidi yake. Mpigapicha anafungasha usiku, amechoka, anakiacha kimeng'ang'ania kamera yake, anaenda nacho nyumbani. Asubuhi mteja mwingine anakuja, na tripodi ya maelfu ya shilingi haiwezi kushika kitu. Sasa kibati kina mstari wake kwenye fomu, na asiyekirudisha anakatwa amana yake.

Kinachotukosesha usingizi hasa ni wizi. Mwizi wa biashara hii havunji mlango. Anakuja na tabasamu, anakodi taa moja, anairudisha kabla ya wakati. Anakodi tena, anarudisha tena. Mara ya tatu anachukua kamera na lenzi mbili, na simu inazimwa. Ilitupata. Tulipofika kituoni tuliambiwa kwamba vitu tulimpa wenyewe, kwa hiyo hilo ni deni, twende tukadaiane. Bima nayo ilitujibu vivyo hivyo: mlango ukivunjwa watalipa, lakini mteja tuliyemkabidhi kwa mikono yetu akitokomea, hiyo haimo kwenye mkataba.

Tangu siku hiyo, kamera kubwa haiendi peke yake. Kijana wetu huandamana nayo, anabeba taa, anabadilisha betri, na jioni anarudi nayo. Mteja hulipa kidogo zaidi, wengine wananung'unika, lakini vijana wanne ambao hawakuwa na kazi sasa wanajifunza wakiwa kazini.

Mheshimiwa, hatukukuita utuchangie kamera. Tunayo maombi, na yote yanahitaji sauti yako kuliko mfuko wako. Kwanza, utukutanishe na wakuu wa polisi wa eneo hili, tuelewane kwamba mali iliyokodiwa kwa mkataba na kufichwa imeibwa. Tuna mikataba, tuna namba, tuna picha.

Pili ni benki. Tangu 2017 kuna sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana ya mkopo, na lenzi ni mali inayohamishika. Benki tuliyoiendea ilitusikiza vizuri sana, kisha ikauliza kama tuna hatimiliki ya shamba. Wewe uko Bungeni. Waulize wenzako huko sheria hiyo waliiandikia nani.

Tatu, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, na tunashukuru. Ila ofisi za umma huchukua vifaa leo na kulipa msimu mwingine. Ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, tunaitoa siku hiyo hiyo. Tunaomba nao walipe ndani ya siku 30.

Mhazini yuko mlangoni na daftari. Tunakuomba, kabla ya kukata utepe, umulike lenzi moja kwa ile tochi utuambie kama ungeitoa.

Ahsante sana, Mheshimiwa.

Ni sisi wanakikundi,
Kayole, Nairobi.