Usiichomelee hiyo puli

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu Athumani,

Asalaam alaykum. Natumai Mama kifua kimempoa na watoto hawajambo. Huku wazima, joto tu. Picha za mashine yako ya kusaga, na za puli yake iliyopasuka, lile gurudumu la kuzungushia mikanda, nimezipata. Nakuandikia badala ya kupiga, maana vipimo vya kusemwa kwa simu hupotea.

Usimpe Kassim hiyo puli aichomelee. Nakuomba sana. Chuma kile ni cha kusubu, hiki mafundi wanachokiita kasti. Kaboni yake ni asilimia 2 hadi 4, na nyingi imekaa ndani kama vipande vyembamba vya grafiti, kila kipande mfano wa ufa mdogo. Ukikibana kinastahimili ajabu. Ukikivuta au kukipiga hakipindi, kinapasuka tu, ndiyo maana hukuona dalili. Rodi ya kawaida ya kuchomelea huacha kando ya mshono pagumu kama kioo, na kikipoa kinapasuka papo hapo. Ungekuwa mguu wa mashine ningesema upashwe moto kwanza, ushonwe kwa rodi ya nikeli sentimita 2 au 3 kwa mara moja, ugongwegongwe kwa nyundo ndogo, kisha ufukiwe kwenye majivu upoe polepole. Lakini puli inazunguka, na anayesimama mbele yake ni Saidi!

Ufa umeanzia kona ya njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye shafti, mhimili wake, pale kitovu cha puli kilipo chembamba. Naona kii kimegongwa kikabana juu. Kii hubana ubavuni tu. Kwa shafti ya milimita 40, kii ni upana milimita 12 na kimo 8. Shafti huchimbwa 5, puli 3.3, kwa hiyo juu inabaki nafasi ya 0.3. Mtu akiijaza nafasi ile kii kinakuwa kabari, na kila pigo la nyundo linatanua kitovu kisichojua kutanuka. Hata puli mpya itakufa hivyo hivyo, Athumani. Kii kwanza.

Ukinunua mpya, mikanda yako ikiwa ya saizi B, puli ya kipenyo cha milimita 250 inataka njia za mkanda za pembe ya digrii 38, na kutoka kati ya njia moja hadi nyingine milimita 19. Usikubali kubwa zaidi ukadhani utasaga haraka. Ikiwa iko kwenye mota ya mizunguko 1450 kwa dakika, ya 250 ukingo wake unakwenda mita 19 kwa sekunde. Ya 450 unafika 34, na kasti haifai kupita 30 hivi.

Ukisubisha mpya, yaani chuma kiyeyushwe na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga, usigundishe vipande vya zamani viwe kielelezo. Chuma hunywea asilimia 1 kikipoa, na bado kitakerezwa. Kielelezo cha mbao kiwe karibu 259, ubavu wake ulale digrii 2 kitoke mchangani bila kubomoa kalibu, na kona za mikono ya puli ziwe za mviringo.

Kuvisha, bila nyundo: sugua shafti, paka mafuta, sukuma. Kisha vuta uzi kwenye nyuso za puli zote mbili. Uzi uguse mahali panne, kingo mbili za kila puli.

Shafti ni 40 kweli, au umekisia? Mikanda ni mingapi? Kii kile alikichonga nani? Vipande vyote umeviweka? Kassim hajaanza, sivyo? Na Saidi, lini anarudi skuli?

Wako,
Omari